Kusomea Udaktari Ukubwani: Miaka Hiyo ni ya Nani?



Mwishoni mwa semina ya walei iliyofanyika hapa kwetu, watu wakiwa wanafunga mizigo yao, baba mmoja alibaki mlangoni mwa kikanisa akitungoja. Ni afisa tabibu katika zahanati ya parokia, ana miaka 37, mke na watoto watatu. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo alikuwa ameandika kwa mkono sifa za kujiunga na shahada ya udaktari. Swali lake lilikuwa fupi: "Mapadre, nimechelewa?"

Tulimjibu haraka, na tulimjibu vibaya. Mmoja wetu alimwambia kwamba kwa Mungu hakuna kuchelewa. Mwingine akamkumbusha Abrahamu, aliyetoka Harani akiwa na miaka 75 (Mwa 12:4). Tukambariki, akashukuru, akakimbilia gari. Jioni mezani ndipo tulipotazamana. Tulikuwa tumempa maneno mazuri na hatukumpa msaada. Abrahamu hakutakiwa kulipa ada ya chuo. Tena Abrahamu aliambiwa na Mungu mwenyewe aondoke. Baba huyu alikuwa na karatasi tu.

Wiki iliyofuata tulimpigia simu. Alikuja Jumamosi moja peke yake, na miezi mitatu baadaye akaja na mkewe. Somo hili limetokana na mazungumzo hayo, kwa ruhusa yao na bila kutaja majina. Tunaliandika pia kwa ajili ya wengine ambao wametujia na swali lilelile: muuguzi mwenye miaka 34, mwalimu wa biolojia mwenye miaka 41, na frateri mmoja ambaye tutamfikia baadaye.

Anatafuta nini hasa?

Tulianza na umri kwa sababu yeye alianza na umri. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Kabla ya kuuliza kama mtu amechelewa kufika mahali, ni lazima ijulikane anakwenda wapi, na anafuata nini huko.

Kwetu Tanzania swali hili lina ugumu wake. Kijijini, kila anayevaa koti jeupe na kuandika dawa ni daktari. Baba huyu anaitwa daktari sokoni, anaitwa daktari kwenye jumuiya, hata paroko wake humtangaza hivyo kanisani siku ya chanjo. Kwa hiyo jina analo tayari. Tulimwuliza: kama siku ya kuhitimu hutapata jina jipya wala mshahara mkubwa zaidi, bado ungetaka kwenda? Alicheka. Kisha akanyamaza muda mrefu, na ndipo akatusimulia habari ya mama mmoja.

Mama huyo aliletwa zahanati usiku, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Tabibu alijua mapema kwamba anahitaji kupasuliwa. Lakini zahanati haina chumba cha upasuaji, na yeye hakufundishwa kupasua. Aliandika rufaa, akatafuta gari, likapatikana baada ya saa tatu, na barabara ilikuwa ya masika. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka. "Nilijua kinachotakiwa," alituambia, "ila mikono yangu haikujua."

Basi tukaelewa ile karatasi imeandikwa na nani. Imeandikwa na mtu aliyemwona jirani yake kando ya njia, kama yule Msamaria wa Luka 10, akajikuta hana mafuta wala divai. Hatuwezi kulidharau jambo hilo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu amewekwa na Mungu mwenyewe na kwamba mgonjwa anayesali anapaswa pia kumpa tabibu nafasi yake. Na Mtume Paulo anapomtaja Luka kwa Wakolosai (4:14) hasahau kusema kwamba ni tabibu, tena mpendwa.

Lakini upendo nao unahitaji macho. Tulimwuliza tena: usiku ule, kama ungekuwa tayari na shahada ya udaktari, ungefanya nini? Akafikiri. Chumba cha upasuaji hakuna. Mtoa dawa ya usingizi hakuna. Damu ya akiba hakuna. Daktari mwenye shahada angeandika rufaa ileile, pengine kwa mwandiko mbaya zaidi. Isitoshe, daktari mwenye shahada kwa kawaida hapangiwi zahanati. Zahanati zetu huongozwa na matabibu, na madaktari hufanya kazi katika vituo vya afya vikubwa na hospitali. Maana yake ni kwamba siku atakapohitimu huenda ndiyo siku atakayokiaga kijiji kile ambacho ndicho kilichomtuma kusoma.

Hapa ndipo mambo mawili yalipotengana. Kama anachotaka ni kwamba mama wa kijiji chake asipoteze tena mtoto barabarani, basi njia ya karibu zaidi inaweza kuwa gari la wagonjwa, mfuko wa dharura wa parokia, na kuhimiza kituo cha afya cha tarafa kianze upasuaji. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja au miwili, na haihitaji shahada. Kama anachotaka ni kuwa yeye anayewapokea akina mama hao wanapofika, basi udaktari ndiyo njia, na mahali pake ni kituo cha afya au hospitali teule ya jimbo. Yote mawili ni mema. Ila ni mawili, na yeye alikuwa ameyafunga katika kifurushi kimoja.

Tuongeze jambo moja kwa ajili ya matabibu wanaotusoma. Zamani kulikuwa na njia ya katikati: afisa tabibu mwenye uzoefu alikwenda kusoma miaka miwili akarudi daktari msaidizi, na madaktari wasaidizi ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za vijijini. Njia hiyo imefungwa. Ndiyo maana leo tunawaona watu wengi wa umri huu wakitazama shahada nzima. Zamani wangekuwa wamekwisha kurudi kazini.

Inyasi darasani na watoto

Tukitafuta mtakatifu aliyerudi darasani ukubwani, wa karibu zaidi ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Alijeruhiwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, akaongoka akiwa kitandani, na baada ya safari ya Nchi Takatifu akaona kwamba hawezi kuwasaidia watu inavyotakiwa bila elimu. Mwaka 1524, akiwa na miaka kama 33, aliketi Barcelona pamoja na watoto kujifunza Kilatini. Akaenda Alcalá, akaenda Salamanca, akafika Paris mwaka 1528, na huko akapata shahada yake ya uzamili mwaka 1535. Miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa ya muda huo akiishi kwa kuomba omba.

Sehemu ya habari hiyo inayotufaa zaidi ni ndogo, na wasimulizi wengi huiruka. Kila alipokaa kukariri sarufi, mawazo matamu ya kiroho yalimjia kwa wingi, akashindwa kusoma. Mtu mwingine angeshukuru. Inyasi aliona ajabu: mbona utamu huu haunijii kwenye sala wala kwenye Misa, unanijia darasani tu? Akatambua kwamba ni kishawishi, akamwendea mwalimu wake na kumwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa somo.

Tunajifunza nini? Kwamba wazo jema linaweza kuja kwa wakati mbaya, likiwa na shabaha ya kututoa kwenye kazi iliyo mkononi. Kwa hiyo tulimwomba baba yule anunue daftari, na kwa miezi mitatu aandike kila mara hamu ya udaktari inapomjia: siku gani, saa ngapi, kulitokea nini kabla yake. Hatukumwomba aandike tafakari ndefu. Mstari mmoja unatosha.

Daftari lilirudi na mambo mawili. Hamu ilimjia mara nyingi baada ya kutazama picha za mahafali za wenzake wa chuo kwenye kundi la simu. Siku hizo ilikuwa na uchungu ndani yake, na kesho yake asubuhi ilikuwa imekwisha. Hamu ilimjia pia, mara chache zaidi, kila alipoandika rufaa. Hiyo ilikuwa tulivu, haikumfanya awachukie wenzake wala kuidharau zahanati yake, na kesho yake bado ilikuwapo. Inyasi anatufundisha katika Mazoezi ya Kiroho kutofautisha faraja na ukiwa kwa namna hii hasa, kwa kuangalia kila moja inatuacha katika hali gani. Sisi tusingeweza kumwambia hayo siku ile ya kwanza mlangoni. Hata yeye hakuyajua.

Inyasi anatoa pia njia ya kuwaza ambayo tunaipendekeza kwa kila mtu, msomi au asiye msomi. Fikiria mtu usiyemjua kabisa, mwenye hali kama yako, amekuja kwako kuomba ushauri, nawe unamtakia mema tu. Ungemwambia nini? Kisha fikiria upo kwenye kitanda cha kufa: ungependa uwe umeamua nini? Tulimpa swali lile la kwanza. Alijibu bila kusita: "Ningemwambia aende. Lakini kwanza alipe deni la mke wake." Tulidhani ni deni la fedha. Tutarudi huko.

Kalamu na karatasi

Bwana wetu anawataka wanaojenga mnara waketi kwanza wahesabu gharama, wasije wakaweka msingi na kuchekwa na wapita njia (Lk 14:28-30). Tunapenda kulitumia fungu hilo kwa mambo ya kiroho tu, lakini Bwana alikuwa anajua ujenzi. Tulichukua kalamu.

Shahada ya udaktari wa binadamu hapa nchini ni miaka mitano. Baada yake kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na leseni kamili hupatikana baada ya hapo. Akianza akiwa na miaka 38 atahitimu na 43, na kumaliza utarajali na 44. Umri wa lazima wa kustaafu utumishi wa umma ni miaka 60. Inabaki miaka 16 ya kazi. Akitaka ubingwa, atoe miaka mingine mitatu au zaidi. Sisi tunaona miaka 16 ni mingi. Mama mwenye uchungu pingamizi haulizi daktari amebakiza miaka mingapi kustaafu.

Sifa za kujiunga ni jambo la kusoma kwa makini, maana wengi huota bila kuzisoma. Anayetoka kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia. Yule mwalimu wetu wa biolojia hakusoma fizikia kidato cha tano na sita. Kwake mlango wa kwanza ni kurudi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hilo ni jambo la mwaka au miwili kabla hata ya kuomba chuo. Afisa tabibu anaweza kuingia kwa stashahada yake ya utabibu akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, hisabati na Kiingereza katika kidato cha nne. Baba yetu ana wastani wa 3.2, kwa hiyo mlango upo wazi. Miongozo hutolewa upya kila mwaka, na ya kutumia ni ya mwaka unaoomba. Karatasi aliyoandikiwa mtu na binamu yake haitoshi.

Fedha ndiyo iliyotunyamazisha. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikitaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Amepita. Ada ya udaktari katika vyuo visivyo vya serikali, vikiwamo vyuo vyetu vya Kanisa kama Bugando na Ifakara, huhesabiwa kwa mamilioni kila mwaka, na juu yake kuna chakula, malazi, vitabu na nauli. Mshahara wa zahanati utakoma, isipokuwa mwajiri akubali kumpa ruhusa ya masomo. Baadhi ya majimbo huwasomesha watumishi wao kwa mkataba wa kurudi kutumika, na kwa mtu kama huyu, mwenye miaka kumi kwenye zahanati ya Kanisa, hilo ndilo ombi la kwanza la kuandikwa, tena mapema. Tumeshamwona mzazi aliyeuza shamba kabla ya barua ya chuo kutoka. Shamba lilikwenda, barua haikuja.

Mwili nao uhesabiwe. Zamu ya usiku ukiwa na miaka 43 si zamu ya usiku ukiwa na miaka 24. Miaka miwili ya mwanzo, ya anatomia, fiziolojia na biokemia, ni ya kukariri, na vijana watamwacha nyuma. Kuanzia mwaka wa tatu, wanapoingia wodini, yeye ndiye atakayewaonyesha vijana jinsi ya kuongea na mgonjwa. Anapaswa kulijua hilo kabla, asije akakata tamaa kwenye mtihani wa kwanza wa anatomia na kudhani Mungu amebadili mawazo.

Kisha kuna msemo tunaousikia kila mahali: miaka itapita tu, ni heri ipite ukiwa unasoma. Una ukweli, lakini nusu. Mtoto wake wa kwanza sasa ana miaka 11. Baba akimaliza chuo, mtoto atakuwa na miaka 17. Miaka hiyo itapita pia kwa mtoto.

Waliotangulia

Agnes McLaren alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1837. Alipotaka kusomea udaktari, vyuo vikuu vya Uingereza vilikuwa havijaanza kuwapa wanawake shahada hiyo. Alivuka kwenda Montpellier, Ufaransa, akasoma kwa lugha ya kigeni, na akahitimu mwaka 1878, mwaka aliotimiza miaka 41. Akafanya kazi, akaingia Kanisa Katoliki akiwa na zaidi ya miaka 60, kisha akasikia habari za akina mama wa India waliokufa kwenye uzazi kwa sababu desturi haikuwaruhusu kutibiwa na daktari mwanaume. Alisaidia kuanzisha hospitali ya Mtakatifu Katarina huko Rawalpindi, mji ambao leo uko Pakistan, na akiwa na zaidi ya miaka 70 alisafiri mwenyewe kwenda huko.

Tatizo alilolikuta lilikuwa ndani ya Kanisa. Watawa hawakuruhusiwa kufanya kazi ya udaktari na ukunga, na wanawake walei wa kujitolea maisha yote walikuwa wachache. Agnes alikwenda Roma zaidi ya mara moja kuomba ruhusa ibadilishwe. Alifariki mwaka 1913 bila kuiona. Lakini msichana mmoja wa Austria, Anna Dengel, alikuwa amemwandikia barua. Hawakuwahi kuonana. Anna alihitimu udaktari Cork, Ireland, mwaka 1919, akaenda Rawalpindi mwaka 1920, na mwaka 1925 akaanzisha shirika la Masista Wamisionari wa Tiba. Ruhusa ya Roma ilitoka Februari 1936. Kwa hiyo tukipima udaktari wa Agnes kwa miaka ya kazi iliyobaki hadi kustaafu, tunapima kwa kipimo kifupi mno.

Mfano wa pili unauma zaidi, na tunautoa kwa makusudi. Albert Schweitzer, wa Kanisa la Kilutheri, alikuwa mhubiri, mwalimu wa teolojia na mpiga kinanda aliyejulikana Ulaya. Oktoba 1905, akiwa na miaka 30, aliwaandikia ndugu na marafiki kwamba anaanza kusomea udaktari aende Afrika. Karibu wote walimpinga. Alisoma Strasbourg huku akihubiri na kufundisha, akachoka hadi kuishiwa nguvu, akalipia mtihani wa mwisho kwa ujira wa kupiga kinanda. Alifika Lambaréné, Gabon, Aprili 1913, akiwa na miaka 38, na wagonjwa wa kwanza aliwatibu katika lililokuwa banda la kuku. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Sisi Waafrika tuna neno juu yake, kwa kuwa alituona kama wadogo zake zaidi kuliko ndugu wa rika lake, lakini hatuwezi kukana kwamba aliwatibu wengi.

Mahubiri mengi huishia hapo. Tuendelee kidogo. Mkewe, Helene, alisomea uuguzi ili waende pamoja. Afya yake iliharibika. Mwaka 1924 Schweitzer alirudi Gabon, naye Helene akabaki Ulaya na binti yao wa miaka mitano. Baba aliporudi kuwaona, mwaka 1927, mtoto alikuwa na miaka minane. Hatusemi alikosea. Tunasema kwamba sadaka ile haikutolewa na mtu mmoja, na tuzo ilikuwa na jina moja.

Neno kwa mafrateri

Mwaka uliopita frateri mmoja alimweleza mlezi wake kwamba anahisi Mungu anamwita kwenye udaktari. Mlezi alimwuliza hisia hiyo ilianza lini. Ilianza wiki ya matokeo ya Kigiriki. Tulicheka sote, na yeye pia, lakini hatukulifunga jambo. Inyasi anaagiza kwamba wakati wa ukiwa tusibadili uamuzi tuliokwisha kuufanya. Frateri alisubiri muhula mzima, akarudia mtihani akafaulu, na hamu ikabaki. Sasa ni hamu inayostahili kusikilizwa, na ameruhusiwa kusimama mwaka mmoja nje akifanya kazi katika hospitali ya jimbo. Kuacha seminari kwa sababu kama hiyo si kuanguka. Inyasi mwenyewe anatenganisha maamuzi yanayoweza kubadilishwa na yasiyoweza, kama daraja takatifu na ndoa. Frateri bado yupo upande wa kwanza. Baba wa zahanati, kwa habari ya ndoa yake, yupo upande wa pili, na chochote atakachochagua ni lazima kikae ndani ya kile alichokwisha kuchagua.

Kuna wanaotuuliza kama padre anaweza kusomea udaktari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 139, ilikataza makleri kufanya udaktari na upasuaji bila ruhusa ya Roma. Sheria ya 1983 haiutaji tena kwa jina, bali inawataka makleri waepe yasiyolingana na hali yao (kanuni ya 285), na mwenye kupima ni askofu. Mwenyeheri Giuseppe Ambrosoli alikuwa daktari kwanza, ndipo akawa Mkomboni na padre mwaka 1955. Alifika Kalongo, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1956, akafanya upasuaji huko kwa miaka 31, na alitangazwa mwenyeheri hukohuko Kalongo mwaka 2022. Anayetaka kufuata njia hiyo aseme mapema, kabla ya daraja, maana baada yake miaka yake ni ya jimbo lake.

Deni la mke

Turudi kwa deni. Jumamosi ya pili mama alikuja, akaketi, akasikiliza hesabu zetu zote mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mapadre, hiyo sadaka mnayoizungumza ni ya nani?"

Alikuwa chuo cha ualimu alipopata mimba ya mtoto wa pili. Aliacha akiwa amebakiza mwaka mmoja na nusu, ili mumewe amalizie stashahada yake ya utabibu. Walikubaliana kwamba zamu yake ya kusoma itafuata. Miaka tisa imepita. Ile karatasi iliyokunjwa mara nne aliiona kwa mara ya kwanza wakati anafua suruali. Alituambia kwamba hapingi mumewe kuwa daktari, na kwamba usiku wa yule mama mwenye uchungu alikuwa yeye aliyemshika mkono hadi gari lilipofika. Alichokataa ni kupewa taarifa badala ya kuulizwa.

Tuliwaacha peke yao, tukaenda kunywa chai. Waliporudi walikuwa wamekubaliana. Mama anarudi chuoni kwanza, na baba atabaki zahanati na watoto. Mama akipata ajira, baba ataomba chuo. Atakuwa na miaka kama 40, atamaliza utarajali na 46, na itabaki miaka 14. Wakati huohuo wanaweka akiba kwenye SACCOS ya parokia, na barua ya kuomba jimbo limdhamini tumemsaidia kuiandika. Askofu akikataa, watakaa upya. Hilo nalo wameliandika kwenye daftari.

Na lile jambo la gari, ambalo halingoji shahada ya mtu yeyote, amelipeleka kwenye halmashauri ya parokia. Wamekutana mara mbili. Mkutano wa tatu ni baada ya mavuno.